Umeniweka Ubaoni

Tanga, 3 Februari 2025

Kwa dada Mwanaasha, Mtambile.

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, kazi ya ghalani inakwenda. Natumai mama yu salama na mguu wake umepungua kuvimba. Mwambie mafuta ya kuchua nimempa Masoud wa boti ya mizigo, atayashusha Wesha pamoja na barua hii. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumbani mama huiweka sauti kubwa, na haya si ya kusikilizwa na majirani. Simu yako nimeifungia, na itabaki hivyo hivyo.

Sasa nisikilize. Jumatano Laila kanipigia. Hakuniuliza hali. Kasema, "Baba, kumbe ugonjwa wa mdogo wangu Ummi haukutoka kwa mama peke yake. Na wewe umo." Binti yangu wa miaka kumi na saba ananiambia mimi "umo", kama mwizi aliyetajwa na wenzake. Nikamuuliza kayatoa wapi. "Kwa mwalimu." Mwalimu gani? Akasema, "Shangazi."

Nimeulizia, nimeambiwa yote. Umesimama mbele ya kidato cha nne ukachora kuku, kisha ukawatia wanangu katika hao kuku. Nyumba yangu, dada! Umeniweka ubaoni, na watoto wa watu wakaninakili kwenye madaftari yao.

Mwatima, mama yao, nilimwacha kwa sababu ninazozijua. Mama alizijua, na wewe ulikuwepo. Mwanamke ana nuksi ya kwao, watoto hawamkai. Hayo yamekwisha miaka mitatu sasa. Leo unataka kumsafisha kwa chaki?

Laila atoke kwenye hilo somo. Na wewe ukome kuwafundisha watoto habari za matumbo ya mama zao. Usipokoma, najua pa kupeleka maneno.

Mdogo wako, kama bado unanihesabu,
Othman


Mtambile, 19 Februari 2025

Mdogo wangu Othman,

Wa alaykum salaam. Mama hajambo, mguu umenywea kidogo. Mafuta kayapokea na kakuombea dua, nami nikaitikia amina kwa kuwa alikuwa akinitazama. Mikarafuu ya nyuma ya nyumba safari hii haikutupa kitu. Na Ummi alilazwa hospitali Chake Chake wiki nzima. Hukuuliza, nakwambia mwenyewe. Maumivu yalimshika miguu na kifua, akaongezwa damu. Mwatima alilala naye kitanda kimoja. Sasa karudi skuli, yuko darasa la tatu, wanasoma yai linavyoanguliwa.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana waliokuhadithia wamekupa nusu.

Nilikuwa nafundisha kurithi. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, lakini jambo kama hili mimi nalieleza kwa lugha waliyonyonya. Nikachora jogoo mweusi na tetea mweusi, na chini yao vifaranga, mmoja mweupe. Nikauliza, "Huyu weupe kautoa wapi?" Mjaka, mtoto wa fundi baiskeli, akapaza sauti, "Mwalimu, huyo tetea ana mambo yake!" Darasa zima likaangua kicheko. Nikawaacha wakacheka mpaka wakachoka. Kisha nikawauliza mbona hakuna hata mmoja aliyemcheka jogoo.

Nikawaambia: weupe ulikuwemo kwa wote wawili, umejificha. Jogoo katoa nusu, tetea katoa nusu. Zikikutana nusu mbili zilizojificha, kifaranga hutoka mweupe. Hapo Laila akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na sikoseli ni hivyo hivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Lazima itoke kwa wote wawili?"

Nikasema lazima. Akasema, "Basi Ummi..." akaishia hapo, akakaa. Darasa lote linamjua Ummi, kila siku huja kumsubiri dada yake mlangoni. Sikutaja jina lako, wala la Mwatima. Ulitaka nimjibu nini mtoto? Kwamba kwa kuku ni wawili, kwa watu ni mwanamke tu?

Somo hili halikuanza kwa ajili yako. Darasa la tatu wanasoma yai. Darasa la tano wanasoma mbuzi anavyozaa. Na wewe ulipokuwa darasa hilo ulikuja mbio kuniita tukamtazame mbuzi wa Mjomba Duni, wala hukuona haya. Darasa la sita wasichana wanaambiwa miili yao itabadilika vipi, wasije wakadhani wameumia, kama nilivyodhani mimi nikajificha chooni nikilia. Kidato cha pili wanasoma damu. Kila mwaka wanapanda, na kila mwaka hanikosi mzazi wa kuja kuniambia hapo panatosha. Kuku hawamuudhi mtu. Zamu ya watu ikifika, mnataka nifunge kitabu.

Na hiyo nuksi ya "kwao" ni ya wapi? Mwatima ni mtoto wa Mjomba Duni, aliyechangia tumbo moja na mama yetu. Damu unayoitukana ndiyo iliyokuzaa.

Laila hatoki darasani. Mtihani wa taifa ni Novemba. Na jingine: nasikia umeoa huko, na huyo Suhaila ni mjamzito. Hukumwandikia mama hata neno. Nendeni mkapimwe, wewe na yeye, kabla hujamzika wa tatu. Hamdan na Ishak wanatosha.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni,
Mwanaasha


Tanga, 20 Machi 2025

Dada Mwanaasha,

Kumi la mwisho la mfungo linaingia, na mimi nilitaka nilimalize na moyo mweupe. Umenikatalia. Salamu kwa mama. Tende nimempa Masoud, na humo mna kitambaa cha kanzu ya Mjomba Duni. Usimwambie kimetoka kwangu akiwa hataki kusikia.

Usiyataje tena majina ya wanangu. Umesikia? Wewe ulipokuwa unachora kuku, mimi nilikuwa naona makaburi mawili. Niliingia mwenyewe mwanandani kuwapokea. Wewe ulikuwa jikoni na wanawake.

Nakuuliza swali moja, wewe uliyesoma. Kama ugonjwa umo mwilini mwangu, mbona haujanilaza hata siku moja? Nabeba magunia toka asubuhi, wenzangu wananitegemea. Mtu mwenye ugonjwa yuko hivi? Kuna mganga hapa kanitazamia, kasema jambo hili linatembea upande wa kike. Hakunijua wala hakumjua Mwatima.

Nilikwambia najua pa kupeleka maneno. Nimemwandikia mwalimu mkuu wako. Nimemwambia kuna mwalimu anazichambua nyumba za watu darasani, tena nyumba ya ndugu yake. Uone kama wazazi wa Pemba watakupigia makofi.

Suhaila mwache. Hiyo ni nyumba yangu nyingine, na hukukaribishwa.

Laila hanipigii simu tena. Mwambie kumkata mzazi ni dhambi.

Othman


Mtambile, 14 Aprili 2025

Othman,

Idi tumeila salama. Mama alikaa na wajukuu wake, Ummi kavaa gauni la kijani kalizungusha mpaka likamchosha. Mjomba Duni kaishona ile kanzu. Alijua imetoka wapi, akaivaa kimya. Ujumbe wako kwa Laila nimeufikisha. Kasema, "Mwambie baba nikimpigia nitamuuliza lile lile." Umenituma, nimerudi na jawabu.

Barua yako ilisomwa kwenye kikao cha wazazi. Yote, kwa sauti. Nilikaa mbele na walimu wenzangu, kila mtu akitazama viatu vyake. Mzee mmoja akasimama akasema, "Sisi watoto tumewaleta wasome, hatukuwaleta waje watufunue." Watu wakaguna kumuunga mkono. Nikajibu kadiri nilivyoweza, na sauti ikanitetemeka. Ilikuwa hasira, lakini wao walidhani ni hofu.

Kisha nyuma kabisa, upande wa wanawake, Mwatima akasimama. Unamjua, hata dukani huona haya kuitisha chumvi.

"Mimi ndiye mama yake Ummi," akasema. "Watoto wawili nimezika. Kila nikitoka msibani naambiwa ni mimi. Nikaamini. Nilikuwa nampa mwanangu ziwa na moyo unaniambia namtilia sumu." Akainama kama anataka kukaa, nikadhani kamaliza. "Binti yangu karudi toka skuli kanambia, mama, si wewe peke yako. Nilikuwa sijaambiwa hivyo na mtu. Basi, nimekuja kusema hayo."

Akakaa, akajifunika uso. Hata yule mzee hakunyanyua mdomo.

Lakini usidhani tulishinda. Mwalimu mkuu hapendi kelele. Nimeondolewa kidato cha nne, nimepewa kidato cha kwanza niwafundishe kunawa mikono. Akina Laila wamepata kijana mgeni anayewasomea kitabu mpaka kengele. Ulilolitaka limekuwa. Hongera.

Na swali lako nalijibu, kwa sababu mwalimu haachi swali. Mwenye nusu haumwi. Anakuwa mzima, anabeba magunia, hajui kama anayo. Anampa mtoto tu. Mwenzake akitoa nusu yake pia, mtoto anakuwa na zote mbili, huyo ndiye anayeumwa. Na si lazima kila mtoto. Kila mimba na bahati yake, ndiyo maana Laila ni mzima na Ummi siye. Ungekaa darasani ungeyajua haya. Lakini uliikimbia skuli kidato cha pili, kabla hamjafika hapo.

Mwanaasha


Mtambile, 2 Julai 2025

Othman,

Sijapata jawabu lako, na sikuandikii kulidai. Mama yuko vile vile. Karafuu za mwanzo zimeanza kuchumwa, uwanja wote umejaa majamvi.

Masoud katuletea habari kwamba Suhaila alijifungua Mei, mtoto wa kike, mmemwita Khairat. Alidhani tunajua. Mama alikuwa anachambua makonyo, vijiti vya karafuu, akasimamisha mikono. Kasema, "Nimepata mjukuu kwa mdomo wa baharia."

Barua hii si yako, ni ya huyo mtoto. Mpelekeni akapimwe sasa hivi akiwa bado yu mzima. Kama umekataa, basi Suhaila angalau ajue. Akifika miezi sita hivi, vidole vya mikono na miguu vinaweza kuvimba, na mtoto analia akiguswa. Homa ikipanda ni hospitali siku hiyo hiyo. Msiende kwa mganga, msingoje ipoe. Ishak alikufa kwa homa tuliyoingoja ipoe.

Nimelitaja jina lake kwa kusudi.

Mwanaasha


Tanga, 11 Agosti 2025

Mwanaasha,

Mtoto mzima, mnene, anacheka. Kila anayemwona anataka kumbeba. Mnamtakia ugonjwa mtoto ambaye hamjamwona! Masoud nimemkataza kuchukua maneno yangu kuyapeleka huko. Barua ya namna ile ikija tena nitaichana bila kuifungua.

Mama namwombea afya.

Othman


Tanga, 9 Desemba 2025

Dada,

Assalaam alaykum. Mama hajambo? Na mguu wake? Laila nimesikia kamaliza mtihani. Mungu amfanyie wepesi.

Mtoto alivimba mikono. Nilidhani kaumwa na mdudu. Kesho yake na miguu, akawa hashikiki, analia mpaka sauti inakauka. Tukampeleka hospitali. Wamempima yeye, wamempima Suhaila, wamenipima na mimi. Mtoto anao. Suhaila kakutwa na ile nusu. Majibu yote tunayo.

Suhaila yuko kwa wazazi wake hapa hapa Tanga, yeye na mtoto. Watu wana maneno, wanasema kaja na ugonjwa wa kwao. Nimeona atulie huko kwanza.

Nataka kujua Ummi alipokuwa mchanga alikuwa akifanyiwa nini maumivu yakimshika. Dawa za hospitali tumepewa. Nauliza yale ya nyumbani. Muulize anayejua. Usimwambie ni mimi ninayeuliza.

Othman


Mtambile, 15 Desemba 2025

Othman,

Wa alaykum salaam. Mama hajambo, na habari ya mtoto imemliza. Tumepeleka jina lake msikitini aombewe.

Umeandika majibu ya mtoto, umeandika ya Suhaila. Yako yako wapi?

"Nimeona atulie huko kwanza." Maneno haya nayajua. Ndiyo uliyomwambia Mwatima mlipotoka kumzika Ishak. Alikwenda kwa baba yake na begi moja, akatulia, na talaka ikamfuata huko huko. Suhaila naye unamfungia begi?

Umenikataza nisimwambie Mwatima ni nani anayeuliza. Nimemwambia. Nimemsomea barua yako neno kwa neno. Alikuwa anakuna nazi. Akaikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, ndipo akasema, "Haya hayaandikiki. Mtoto lazima ashikwe, aonwe. Nitakwenda." Nikamwambia fikiri kwanza. Akasema, "Nimeshafikiri. Mwenzangu yuko peke yake na mtoto analia."

Ummi atabaki na mimi. Laila anakwenda na mama yake. Masoud atawashusha Tanga na atawapeleka mpaka mlangoni kwa wazee wa Suhaila. Hawaji kwako. Ukitaka, nenda ukawakute. Ukitaka, usiende. Mimi nimechoka kukuambia la kufanya.

Mwanaasha


Tanga, 4 Januari 2026

Dada Mwanaasha,

Mfikishie mama salamu. Mwambie Khairat ana paji la uso lake, nitamleta akipata nguvu. Uvimbe umeshuka.

Walikuja. Nilikwenda, kwa sababu baba yake Suhaila, Mzee Shaame, aliniita, na sikuwa na la kumjibu nikikataa.

Mwatima alinipita barazani kama anavyopita nguzo, akaingia ndani kwa Suhaila. Nilimsikia nyuma ya pazia akimwonesha: kitambaa cha uvuguvugu, si cha moto, asiogeshwe maji baridi, anyonye kila akitaka, tumbo lipapaswe upande wa kushoto kila siku, bandama ikivimba ni hospitali mbio. Suhaila alikuwa analia. Akamwambia, "Lia, mwanangu, lakini mkono usimwache mtoto."

Huku nje wamekaa wajomba na ami zake Suhaila. Mzee Shaame akamwita Laila akae mbele yake. "Watu wanasema binti yangu kaleta ugonjwa nyumbani kwa mumewe. Wewe umesoma. Ni kweli?"

Laila akaeleza. Hakukimbiza maneno. Mzee mmoja alimkatiza mara mbili, na mara zote mbili alimjibu kwa adabu na akarudi pale alipokuwa. Sikujua kama anajua kusema namna ile. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wote.

"Baba, na wewe walikupima?"

"Walinipima."

"Unayo ile nusu?"

Nikasimama nitoke. Mzee Shaame akasema, "Kaa, mkwe wangu. Mtoto kauliza."

Nikakaa. Nikasema, "Ninayo."

Mle ndani sauti ya Mwatima ilikatika. Kisha nikamsikia anaendelea, anamwambia Suhaila amgeuze mtoto ubavu wa pili.

Suhaila karudi nyumbani na mtoto wake. Mwalimu mkuu wako nimempigia, nimemwambia malalamiko yangu nimeyaondoa. Kanijibu ratiba ya mwaka imeshapangwa, labda mwakani. Usifurahi. Hukupaswa kumjibu Laila mbele ya darasa zima. Ungemwita pembeni, ungemwambia nyumbani, ungeniambia mimi kwanza. Hilo sijakusamehe, na simu yako bado nimeifungia.

Siku waliyoondoka niliwafuata bandarini. Laila kanipa mkono. Mwatima alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, akaniona nakuja, safari hii hakugeuza uso. Nilikuwa na maneno, njia nzima nilikuwa nayapanga. Nikafika mbele yake nikamuuliza kama anadhani bahari itakuwa mbaya.

Kasema hajui.

Mwambie nimeuliza kama wamefika salama.

Othman